Mellotron: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kinanda cha mikanda

Nikimwekea mtu wimbo wa roki wenye Mellotron, haipiti dakika mbili kabla hajauliza, "Hiyo ni okestra au ni nini?" Baada ya hapo maswali hufuatana karibu kwa mpangilio uleule. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kirefu, kwa sababu kinanda hiki nakipenda na sipendi kukieleza harakaharaka.

Mellotron ni nini hasa?

Ni kinanda cha umeme kisicho na nyuzi, kisicho na mabomba ya upepo, na kisichozalisha sauti yake chenyewe. Ndani yake kuna mikanda ya sumaku, jamii moja na ule mkanda wa kahawia wa kwenye kaseti. Kila kibonye kina mkanda wake, na kila mkanda umerekodiwa noti moja moja: mpiga fidla aliingia studio, akapiga noti ile, akaishikilia, kisha akahamia nyingine. Unapobonyeza, unamsikia yeye. Ukibonyeza vibonye vitatu pamoja, noti tatu alizozipiga kwa nyakati tofauti zinakutana kwa mara ya kwanza chini ya vidole vyako.

Modeli iliyouzwa kuliko zote, M400, ina vibonye 35 na mikanda 35. Jina lenyewe limeungwa kutokana na melodi na elektroniki.

Sauti inatokaje kwenye mkanda?

Ndani kuna mhimili mrefu wa chuma unaozungushwa na mota muda wote kinanda kikiwa kimewashwa. Mikanda imelala juu ya mhimili huo, imetulia. Kibonye kinaposhuka hufanya kazi mbili kwa mpigo: kigurudumu cha mpira kinaubana mkanda kwenye mhimili ili uanze kuvutwa, na kijitakia kidogo kinausukuma ukagusane na hedi, yaani kichwa kinachousoma mkanda. Hapo ndipo sauti inapotoka. Mkanda uliovutwa huporomoka kwenye kisanduku kilicho chini. Ukiachia kibonye, springi inaurudisha mwanzo kwa mvuto mmoja.

Waliowahi kufungua redio kaseti wanaijua hedi. Redio kaseti ina moja. Mellotron ina hedi kwa kila kibonye, na idadi hiyo ya hedi ndiyo iliyozaa kisa kizima cha Birmingham nitakachokisimulia chini.

Mkanda una upana unaokaribia sentimita moja, umegawanywa njia tatu, na kila njia ina ala yake. Kwa swichi unasogeza hedi kutoka njia moja hadi nyingine: fidla, filimbi, kwaya. Wapigaji waligundua mapema kwamba swichi ikisimama katikati, hedi inasoma njia mbili kwa pamoja, fidla ikapakana na filimbi. Sauti kadhaa unazozisikia kwenye rekodi zilipatikana kwa njia hiyo.

Kwa nini noti haidumu zaidi ya sekunde nane?

Kwa sababu mkanda umekwisha. Una mwanzo na mwisho, na urefu wake unatosha takriban sekunde nane. Zikiisha, kimya. Lazima uachie, springi iurudishe mkanda, ndipo ubonyeze tena.

Watu huuliza kwa nini hawakuuunganisha mkanda ncha kwa ncha ili uzunguke bila kukoma. Wangefanya hivyo, wangepoteza mwanzo wa noti. Mwanzo ndio unaokuambia hiki ni nini: upinde unapoikamata nyuzi, pumzi inapoingia kwenye filimbi, mwanakwaya anapofungua kinywa. Mkanda unaozunguka ungeanzia popote ulipo wakati unabonyeza. Huu unaanza pale mwanamuziki alipoanza, kila mara.

Sekunde nane hizo zilibadilisha namna watu walivyotunga. Mpigaji hawezi kulalia kodi moja, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Anahama, anaachia kidole kimoja huku kingine kikibaki, anapanga sauti zipokezane. Sikiliza mwendo wa fidla katika rekodi za mwanzo za bendi ya roki ya King Crimson, utasikia muziki unaovuta hewa na kuishusha.

Nani aliyeibuni?

Hapa inabidi tuanze California. Harry Chamberlin alikuwa na wazo hili mwishoni mwa miaka ya 1940. Inasimuliwa kwamba alikuwa akijirekodi akipiga kinanda cha nyumbani, akajiuliza: ikiwa mashine inaweza kunirudishia sauti yangu, kwa nini isinirudishie sauti ya ala yoyote kwa kubonyeza tu? Akatengeneza kinanda, akakiita kwa jina lake, na akawarekodi wanamuziki wa okestra ya Lawrence Welk, noti moja baada ya nyingine.

Bill Fransen alikuwa msafisha madirisha wake, kisha akawa mchuuzi wake. Mwaka 1962 alisafiri hadi Uingereza na vinanda viwili vya Chamberlin, akatangaza kwamba anatafuta kampuni inayoweza kumtengenezea hedi 70 zinazolingana. Waliomjibu walikuwa Bradmatic wa Birmingham, kampuni ya ndugu watatu, Frank, Norman na Leslie Bradley, mafundi hodari wa vifaa vya mikanda. Wakakubaliana si kuhusu hedi tu bali kinanda kizima. Fedha na majina yakatoka kwa Eric Robinson, kiongozi wa okestra aliyejulikana kwenye televisheni, na David Nixon, mfanyamazingaombwe maarufu. Modeli ya kwanza, Mark I, ikatoka mwaka 1963.

Ambalo ndugu wale hawakulijua ni kwamba wazo lilikuwa na mwenyewe. Fransen alilileta kana kwamba ni lake. Chamberlin alipogundua alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Mwaka 1966 pande mbili zilifikia mapatano. Nampenda sana fundi wa Birmingham aliyeifanya mashine hii isimame imara, lakini jina la Chamberlin linapaswa kutajwa kwanza kila mara kisa hiki kinaposimuliwa.

Chamberlin na Mellotron zinasikika sawa?

Hapana. Rekodi za Chamberlin ni angavu, zina mtetemo mwingi, ala zinakaa karibu na sikio. Sauti za Mellotron zilirekodiwa upya, nyingi katika studio za IBC jijini London, na zina kiza kidogo, kama zinatoka chumba cha pili.

Ilitengenezwa kwa ajili ya roki?

Hata kidogo. Mark II, iliyofuata mwaka 1964, ilikuwa samani ya sebuleni. Ilikuwa na vinanda viwili vilivyopangwa bega kwa bega, vibonye 35 kila kimoja, na spika ndani yake. Mkono wa kulia ulipewa ala za kuongoza. Wa kushoto ulipewa midundo kamili iliyokwisha kupigwa na bendi, ili mwenye nyumba abonyeze kibonye kimoja na kupata ngoma, besi na piano kwa pamoja. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 160 na bei yake ilikuwa kama pauni 1,000, karibu mara mbili ya gari jipya aina ya Mini wakati ule. Mwigizaji Peter Sellers alikuwa nayo, Binti Mfalme Margaret pia. BBC waliagiza za kwao zenye milio ya aina aina kwa ajili ya vipindi, milango, mvua, magari.

Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliitazama kwa wasiwasi, maana mwenye okestra ndani ya sanduku angeweza kuacha kuajiri okestra. Wasiwasi huo ulikuwa wa watu wenye familia za kulisha na siwezi kuudharau.

Basi iliingiaje kwenye roki?

Mlango mmoja ni Mike Pinder. Kijana huyu wa Birmingham alifanya kazi kiwandani kwa watengenezaji wa Mellotron kwa takriban mwaka mmoja na nusu, kazi yake ikiwa kuzikagua kabla hazijatoka. Aliijua nje ndani. Alipokuwa na bendi ya The Moody Blues alipata Mark II ya mitumba, akaiondoa ile mikanda ya midundo upande wa kushoto na kuweka ala za kuongoza pande zote mbili. Uamuzi huo wa ufundi ndio uliogeuza samani kuwa ala ya muziki. Mwaka 1967 dunia ikaisikia katika "Nights in White Satin". Okestra halisi imo kwenye albamu ile, Days of Future Passed, lakini fidla zinazoizunguka sauti ya mwimbaji ndani ya wimbo ni za Pinder.

Graham Bond alitangulia kurekodi nayo mwaka 1965. John Lennon wa The Beatles naye alipelekewa yake nyumbani mwaka huohuo. Februari 1967 ukatoka "Strawberry Fields Forever", na wimbo unafunguliwa na filimbi za Mellotron zilizopigwa na Paul McCartney. Sekunde chache tu, na mamilioni ya watu wakawa wameisikia mashine hii bila kujua jina lake. The Rolling Stones hawakuchelewa: Brian Jones aliipiga katika "2000 Light Years from Home" mwaka huohuo.

Kisha ikaja 1969 na King Crimson. Ian McDonald hakuitumia kupamba. Aliijaza wimbo mzima, kama maji yanavyopanda ndani ya nyumba. "Epitaph" ndio wimbo ulionishika mimi, usiku, kwa spika za masikioni za bei rahisi. Niliurudia mara nne mfululizo kabla sijalala.

Nianze na nyimbo zipi?

Anza na "Strawberry Fields Forever" kwa filimbi, halafu "Epitaph" kwa fidla. Kwa kwaya nenda moja kwa moja kwenye "Exit Music (For a Film)" ya Radiohead, 1997, pale sauti za watu zinapoingia nyuma ya gitaa na mwili unasisimka.

Ukiwa na muda, kaa na "Watcher of the Skies" ya Genesis, 1972. Tony Banks anaanza peke yake, kodi nzito zinashuka polepole kwa zaidi ya dakika moja kabla ya wenzake kuingia. Yapo mambo katika kodi zile ambayo okestra halisi isingeyaleta: noti hazijakaa sawasawa kabisa, na kila kodi inapogeuka unasikia mikanda ikiachiwa na mingine ikikamatwa. Banks alichagua kodi zilizopendeza kwenye mashine ile. Kwa piano zingekuwa kitu kingine. Kwangu ndio utangulizi mkubwa kuliko wote uliowahi kupigwa kwa Mellotron.

Usiache "Space Oddity" ya David Bowie, 1969, ambamo Rick Wakeman ndiye anayeipiga, na "The Rain Song" ya Led Zeppelin, 1973, ambamo John Paul Jones anaifanya iwe laini kabisa. Katika albamu ya Phaedra ya Tangerine Dream, 1974, utaikuta imeoshwa na mawimbi ya elektroniki hadi fidla zinageuka upepo. Waliokua na Oasis wameisikia miaka mingi: selo ya "Wonderwall" ni Mellotron.

Na moja ya kukufurahisha. Gitaa la Kihispania linalofungua "The Continuing Story of Bungalow Bill" ya The Beatles, 1968, halikupigwa na Beatle yeyote. Ni mkanda uliokuja na Mark II. Kibonye kimoja tu.

Kwa nini inasikika ya huzuni hata kwenye kodi za furaha?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Jibu la kifundi ni kwamba kasi ya mkanda haitulii. Mota inajitahidi, mpira una mabonde yake, kila mkanda unavutwa kwa msuguano wake, kwa hiyo noti zinayumba juu na chini kidogo mno. Ukibonyeza vibonye vingi kwa pamoja, mota inapata mzigo na kodi nzima inaweza kulegea. Ukibonyeza kwa wepesi, mkanda haugusi hedi vizuri na sauti inatoka dhaifu. Hakuna noti inayofanana na jirani yake, kwa kuwa kila moja ilipigwa kivyake na binadamu ambaye huenda alikuwa amechoka alipofika noti ya thelathini.

Aliyezoea safu ya fidla katika taarab asilia atalitambua jambo hili mara moja. Fidla nyingi zikipiga mstari mmoja hazifiki noti kwa pamoja kabisa, na mwanya ule mdogo ndio unaotupa ule uzito wa moyo. Mellotron ina mwanya huo ndani ya mkanda, kisha inaongeza wa kwake.

Na yapo mengine ambayo ufundi hauyamalizi. Sauti ya fidla inayotoka ni ya mtu aliyepiga zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Kila ukibonyeza anaanza upya, anafika sekunde ya nane, anakatika. Sijui namna ya kulisikiliza hilo bila kuguswa.

Ni kweli iliwatesa wanamuziki safarini?

Ni kweli. Kama redio ilivyokula kaseti zetu, Mellotron nayo hula mikanda, tena jukwaani mbele ya watu. Joto, unyevu, vumbi na moshi wa jukwaani vyote huingia ndani. Umeme ukishuka kasi, sauti inashuka nao. Pinder alisimulia jinsi mlango wa nyuma ulivyofunguka walipokuwa wakipiga Marekani na mikanda ikamwagika yote. Wahusika wa taa wakawaonyesha watazamaji katuni huku yeye akiirudisha mmoja mmoja. Alikuwa fundi. Bendi isiyokuwa na mtu kama yeye ingeondoka jukwaani.

M400, iliyotoka mwaka 1970, ilipunguza mateso hayo. Ilikuwa na kilo kama 55, kinanda kimoja tu, na fremu ya mikanda iliyoweza kunyanyuliwa nzima ikabadilishwa na nyingine yenye ala tofauti. Zilitengenezwa takriban 1,800, na nyingi kati ya rekodi za miaka ya 1970 zimepigwa kwa modeli hiyo nyeupe.

Iliisha kwa sababu ya sinthesaiza?

Kwa sehemu. Vinanda vya elektroniki vya kuiga fidla vilikuwa vyepesi na havikuwa na kikomo cha sekunde nane. Baadaye zikaja mashine za kurekodi sampuli kidijitali, kama Fairlight ya mwaka 1979, zilizofanya kwa kumbukumbu ya kompyuta kile Chamberlin alichokifanya kwa mkanda.

Lakini biashara nayo iliivunja. Baada ya msambazaji wa Marekani kufilisika, katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya mauzo ilianguka na jina Mellotron likaenda kwa wengine. Ndugu wa Bradley waliendelea kuunda kinanda kilekile kwa jina la Novatron, na kiwanda chao kikafungwa mwaka 1986. Kulazimika kuacha jina la kitu ulichokiunda kwa mikono yako ni jambo zito.

Inatengenezwa bado?

Ndiyo. John Bradley, mtoto wa Leslie, na Martin Smith waliifufua Streetly Electronics, kampuni ya familia ya Bradley, miaka ya 1990, wakaanza kukarabati za zamani, na mwaka 2007 wakatoa M4000, ya mikanda halisi. Kwa upande mwingine, Markus Resch alitoa Mark VI mwaka 1999, nayo ya mikanda, kisha M4000D mwaka 2010, ambayo ni ya kidijitali yenye rekodi za asili.

Programu ya kompyuta haitoshi?

Kwa kurekodi nyumbani inatosha, na mimi mwenyewe ndiyo ninayoitumia siku zote. Chagua ile iliyorekodiwa noti kwa noti kutoka mikanda, isiyorefusha noti kupita sekunde nane. Ikiwa ina swichi ya kuondoa kikomo hicho, usiiguse kwa mwezi mzima. Utatunga vingine kabisa.

Niliwahi kuruhusiwa kukaa kwenye M400 kwa nusu saa, katika chumba cha mazoezi jijini London. Kitu ambacho programu haikunitayarishia ni vibonye vyenyewe. Ni vizito. Unaisikia mashine ikifanya kazi, mvumo wa mota kwenye magoti, na ukiachia kodi kuna mlio mdogo wa mikanda kurudi, kama ndege wanaoruka kutoka mtini. Vidole viliniuma jioni ile.

Nikitaka kununua ya zamani, nikague nini?

Washa, uiache ipate moto, kisha bonyeza kibonye kimoja kimoja kutoka chini hadi juu ukihesabu sekunde. Mkanda unaokatika mapema au usiorudi wote una tatizo la springi au umekunjika. Bonyeza vibonye vitano pamoja: sauti ikizama sana, mota au kifaa kinachosimamia kasi yake kinahitaji fundi. Fungua kifuniko uitazame vigurudumu vya mpira, kama vimekauka au kunata. Uliza mikanda ni ya mwaka gani. Mikanda mipya inapatikana, hedi zilizolika ni gharama kubwa zaidi.

Na kabla hujatoa fedha, weka swichi kwenye filimbi, bonyeza kibonye kimoja cha katikati, na usikilize mwanzo wake. Kama pumzi ya mpigaji inasikika kabla ya noti, hedi bado ni nzima.